Siku Fundi wa Muziki Aliposahau Kupumua

Mwaka wangu wa kwanza wa udaktari nilikuwa naogopa kitu kimoja kuliko vyote, nacho hakikuwa damu wala maiti. Nilikuwa naogopa koo la mtu.

Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam na kurudi kwetu Moshi kufanya mwaka wa mafunzo hospitalini, ule mwaka ambao watu wanakuita daktari lakini kila unachokigusa lazima mkubwa awe amesimama nyuma yako. Ilikuwa miaka ya tisini. Koti langu jeupe alilishona baba, ambaye alikuwa fundi cherehani mjini, na lilinikaa vizuri kuliko nilivyostahili.

Shida yangu ilikuwa hivi. Mgonjwa akiacha kupumua, au akilazwa kwa ajili ya upasuaji, daktari humwingizia mpira mwembamba mdomoni. Unapita kati ya nyuzi za sauti, unaingia kwenye bomba la hewa, na kupitia humo ndimo anapopewa pumzi. Kwenye kitabu ni mchoro mmoja wenye mshale. Kwa mtu wa kweli ni giza, ulimi, mate, na matundu mawili yanayokaa jirani, moja la hewa na moja la chakula. Ili uone, unatumia chuma kilichopinda chenye taa kwenye ncha. Siku ya kwanza nilikishika chuma hicho kama mtu anayekoroga mtori wa ndizi.

Aliyekuwa anatufundisha ni muuguzi wa dawa za usingizi, mama wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa kamba na kuning'inia kifuani. Madaktari bingwa walikuwa wanamsikiliza yeye, seuze sisi. Siku hiyo nilichungulia kwenye koo la mgonjwa, nikaona kitu chekundu, nikasema moyoni ndilo hilo, nikasukuma mpira. Mama akaubana mfuko wa kupumulia mara moja. Kifua cha mgonjwa kikatulia kimya. Tumbo likapanda.

"Daktari," alisema kwa upole, "umemlisha hewa. Toa."

Akachukua nafasi yangu, akachungulia kama anayetazama iwapo wali umeiva, akaingiza. Kifua kikapanda. Nilijificha nyuma ya barakoa yangu ya kitambaa, ila masikio yalikuwa nje na najua yalikuwa yanawaka.

Nilikosea tena wiki hiyo, na wiki iliyofuata. Mara moja nilifanikiwa, lakini nilijua ni bahati kwa sababu sikuona kitu. Mama hakunifokea hata siku moja. Alinipa sheria moja tu, na aliirudia mpaka nikawa naisikia nikiwa nakula.

"Ukianza kuingiza mpira, na wewe zuia pumzi yako. Ukibanwa wewe, ujue naye amebanwa. Toa kila kitu, mrudishie maski ya usoni, mpe hewa. Usishindane na koo la mtu. Mgonjwa hafi kwa kukosa mpira, anakufa kwa kukosa hewa."

Mwezi wa tatu wa mafunzo yangu alipita daktari mgeni kutoka ng'ambo, akakaa siku chache, na alipoondoka aliacha boksi dogo. Mama wa usingizi alilifungua mezani tukimzunguka. Ndani mlikuwa na vitu vitatu vya ajabu. Kila kimoja kilikuwa bomba laini, na mwishoni mwake kitu kama kijiko kipana cha mpira, ukingo wake unajazwa upepo kwa bomba la sindano.

"Hii ni maski," alisema, "ila haikai usoni. Inakaa kooni. Unaipitisha juu ya ulimi, unafuata kaakaa la juu mpaka inagoma. Ukiijaza upepo inafunika mlango wenyewe wa bomba la hewa. Huhitaji chuma, huhitaji taa, huhitaji kuona chochote."

"Sasa kwa nini tunahangaika na mpira?" niliuliza, na wenzangu wakacheka kwa sababu walijua panaponiuma.

"Kwa sababu mgonjwa akitapika, hii haimkingi. Mpira unakinga. Mpira utajifunza, utake usitake." Halafu akaniangalia juu ya miwani. "Lakini siku ambayo huna mtu nyuma yako, na mbele yako kuna mtu hapumui, hii ndiyo imetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa.

Maski zilikuwa tatu, na hatukuwa na sanamu ya kufanyia mazoezi. Jioni nilimsimulia baba. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Soweto, na baba alikuwa na kibaraza chake cha kushonea mjini. Miaka hiyo mitumba ilikuwa imejaa sokoni, watu wananunua suruali iliyokwisha kushonwa badala ya kununua kitambaa, kwa hiyo baba alikuwa na muda mwingi na mikono isiyozoea kukaa bure. Nilidhani ananisikiliza kama mzazi tu. Kumbe ananisikiliza kama fundi.

"Hilo koo," alisema, "linapinda wapi?"

"Nyuma ya ulimi, baba. Linashuka hivi."

"Hivi ngapi? Nipe vipimo."

Sikuwa navyo. Akachukua futi yake ya kitambaa, akaniambia nifungue mdomo. Mama yangu aliingia sebuleni akamkuta mumewe anampima bintiye kutoka meno mpaka sikio, akageuka akarudi jikoni.

Kesho yake baba alikwenda buchani, akaomba shingo ya mbuzi nzima, na si kwa ajili ya supu. Aliipasua juu ya gazeti uani, akanionyesha kwa mkasi wake. Lile la mbele gumu lenye pete pete ni la hewa. Lile la nyuma laini, limelala kama soksi, ni la chakula. Nilikuwa nimesoma mambo hayo miaka mitano, lakini hapo uani ndipo yaliponiingia.

Akashona kichwa cha turubai, akakijaza pamba na vumbi la mbao. Ulimi ukawa wa flaneli nyekundu. Kaakaa alilitengeneza kwa kipande cha kopo alichokivika raba. Bomba la hewa lilikuwa mpira wa maji, bomba la chakula lilikuwa tyubu ya baiskeli, na chini yake kila moja aliliunganisha na mfuko wake wa nailoni, ili ukikosea uone tumbo likivimba. Meno aliyapanga kwa vifungo vyeupe vya shati.

"Shati la mtu mnene," alisema kwa fahari. "Vya kawaida vilikuwa vidogo."

Mama yangu hakukipenda kichwa hicho. Kila alipopita karibu na kabati alikifunika kanga, na kila nilipotaka kufanya mazoezi ilibidi nikivue kanga kama bibi harusi. Majirani walizoea kuja Jumapili mchana kunitazama nikimpa hewa mtu wa turubai. Walikuwa wanapiga makofi mfuko wa hewa ukijaa, na kuguna mfuko wa tumbo ukijaa. Nilimpeleka hospitalini, mama wa usingizi akamgeuza huku na huku, akaomba aonane na aliyemshona. Maski ya koo niliiingiza mara nyingi mpaka nikaweza nikiwa nimefumba macho. Mpira ulikuwa bado unanisumbua, lakini angalau sasa nilikuwa nakosea kwa kujua.

Baadaye mwaka huo nilipangiwa miezi miwili kwenye hospitali ndogo ya misheni mlimani, huko kwenye vihamba, mashamba ya ukoo ya kahawa na migomba. Siku ya kuondoka, mama wa usingizi alinipa moja ya zile maski tatu, imefungwa kwenye kitambaa cha kijani.

"Nakuazima," alisema. "Usiipoteze. Na usiifanye mtoto wa pekee, ichemshe, uitumie ikibidi."

Kule mlimani nilikuwa mgeni mara mbili. Kwanza mimi ni Mwislamu wa mjini, ambaye bibi yake alitoka Pangani na babu yake Kondoa. Pili sikujua Kichagga zaidi ya kusema aika kwa kushukuru. Wazee waliokuja kutibiwa walinieleza maumivu yao yote kwa Kichagga, kwa kirefu, na mimi nilikuwa natikisa kichwa mpaka muuguzi wangu aje. Muuguzi huyo alikuwa mzee mrefu, mtulivu, aliyefanya kazi pale tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mzee. Anasemaje?"

"Marahaba, daktari. Anasema mgongo."

"Dakika zote hizo ni mgongo tu?"

"Na historia ya mgongo."

Watu walikuwa wema kupita kiasi. Jumamosi moja kulikuwa na harusi kwenye kihamba kilichopakana na uzio wa hospitali. Mwenye shughuli alikuja mwenyewe kunialika, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mbuzi na ng'ombe wamechinjwa na Mwislamu, kamleta kutoka mjini kwa ajili yangu na wageni wengine wachache. Nilikubali kwa furaha. Asubuhi hiyo nilikuwa nazunguka wodini haraka haraka, nikisikia harufu ya nyama na sauti ya fundi wa muziki akijaribu kipaza sauti. "Moja, mbili. Moja, mbili." Fundi alikuwa ametoka Mabogini, bondeni kwenye mashamba ya mpunga, alfajiri na spika zake kwenye pikapu. Kila mgonjwa aliyekuwa na nguvu alikuwa amesogea dirishani.

"Moja, mbi..."

Kukawa kimya. Halafu wanawake wakapiga kelele.

Nilifika mlangoni nikawaona wanakuja mbio kupitia pengo la uzio, wanaume wanane wamebeba meza, na juu ya meza, bado imetandikwa kitambaa cheupe cha harusi, amelala mtu mnene mwenye ndevu nyingi. Mkono wake mmoja unaning'inia. Mmoja wao alikuwa bado ameshika mpini wa jembe. Ndiye aliyempiga nao fundi mkononi mpaka waya aliokuwa ameushika ukaachia.

"Umeme, daktari! Amekamatwa na umeme!"

Tulimweka pale pale kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa, hatukumshusha hata kutoka kwenye meza. Niliweka vidole shingoni. Mapigo yalikuwepo, lakini ya mbali na ya polepole, kama mtu anayebisha hodi huku anaondoka. Kifua hakikuwa kinatembea kabisa. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

Daktari mkuu alikuwa ameshuka mjini. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Nilimwinua kidevu, nikamwekea maski ya usoni, mzee muuguzi akafungua mtungi wa oksijeni na kuanza kubana mfuko. Hewa ikavujia kwenye ndevu. Niliibana maski kwa mikono yote miwili, ikawa inavuja upande mwingine. Kifua kilipanda kidogo tu, kwa kusitasita. Midomo haikubadilika.

"Mpira," nilisema, na sauti yangu ikatoka ya mtu mwingine.

Nikashika kile chuma, nikakiingiza, nikazuia pumzi yangu. Shingo ya fundi ilikuwa fupi na nene. Niliona ulimi. Niliona povu. Nilivuta juu, nikaona giza. Nilijua matundu yako hapo, umbali wa ukucha, na kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema sukuma tu, huenda ikaingia. Ndipo kifua changu mwenyewe kikaanza kuniuma kwa kutaka hewa.

Nilitoa chuma. Sijawahi kujisifu kwa jambo lolote katika udaktari kama ninavyojisifia kile kitendo cha kutoa.

"Mrudishie maski, mzee. Bana." Akabana, nami nikakimbilia kabati, nikafungua kile kitambaa cha kijani. Mikono ilipogusa maski ya koo ikajiendea yenyewe, maana njia ile iliijua. Nikapaka jeli kidogo, nikafungua mdomo, nikaipitisha juu kwenye kaakaa, nikaifuata kwa kidole mpaka ikagoma. Nikajaza upepo. Bomba likajiinua kidogo lenyewe kutoka mdomoni, kama linavyotakiwa. Mzee akaunganisha mfuko.

"Bana."

Kifua kikapanda. Kulia na kushoto, sawasawa. Nikaweka sikio kifuani, nikasikia upepo unaingia na kutoka pande zote mbili. Nikasikiliza na tumbo, limetulia. Mzee muuguzi aliendelea kubana bila haraka, akihesabu kwa Kichagga chini ya pumzi yake, na mimi nimeweka vidole shingoni. Mapigo yakaanza kukaribia. Midomo ikaanza kurudi rangi, kwanza katikati, halafu pembeni.

Nilipoinua macho, dirisha zima lilikuwa nyuso. Harusi yote ilikuwa pale, na bibi harusi katikati na shela yake, wanasali rozari kwa sauti ya chini. Sikuwafukuza.

Baada ya dakika ambazo sikuzihesabu, mzee aliacha kubana mfuko kidogo na kuutazama. Mfuko ulisinyaa wenyewe. Ukajaa. Ukasinyaa tena.

"Anavuta mwenyewe," alisema.

Tulimwacha avute, tukimsaidia kidogo kidogo. Halafu akaanza kukunja uso, akakohoa, akataka kuling'ata lile bomba. Nilimlaza ubavu, nikatoa upepo, nikaivuta maski. Fundi wa muziki alifumbua macho, akatazama dari, akanitazama mimi, akatazama kitambaa cha meza chini yake. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nani kazima muziki?"

Mzee muuguzi, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alikaa chini kwenye sakafu na kucheka mpaka akavua kofia. Dirishani walipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tanki la maji, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Kiganja chake kilikuwa kimeungua, tukakifunga, tukamlaza siku tatu tumwangalie moyo na mkojo. Harusi iliendelea bila umeme. Kwaya ya kigango, kanisa dogo la pale, iliimba tangu mchana mpaka jua kuzama, na watu walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona harusi iliyoimbwa namna ile. Nyama yangu, kiburu cha ndizi na maharage, na soda vililetwa wodini kwenye sinia. Nilikula nimekaa pembeni ya kitanda cha fundi, naye akinitazama kwa wivu kwa sababu nilimkataza kula mpaka jioni.

Kesho yake alikuja mama yake kutoka Mabogini, amebeba kuku wawili na mchele wa shambani kwake. Alisimama mlangoni akauliza yuko wapi daktari aliyemrudishia mwanawe pumzi. Mzee muuguzi akaninyooshea mkono. Yule mama alinitazama kutoka viatu mpaka kichwani, na mimi si mrefu.

"Huyu mtoto?"

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akaweka kuku chini, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaipuliza kama mtu anayepoza uji. Sikumuuliza maana yake, na yeye hakunieleza.

Wiki iliyofuata nilishuka mjini kumrudishia mama wa usingizi maski yake. Nilimsimulia yote kwa kirefu, nikingoja anipongeze. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa amekula?"

"Hapana. Alikuwa anafunga spika tangu alfajiri, alikuwa anasubiri chakula cha mchana."

"Basi Mungu alikupa mgonjwa mwenye njaa." Akaipokea maski, akaiangalia kwenye mwanga kama ina ufa. "Angekuwa ameshakula ile nyama na kunywa pombe ya mbege, tungekuwa tunaongea mengine. Umefanya vizuri sana. Kesho saa moja asubuhi njoo chumba cha upasuaji, tuendelee na mpira."

Niliumia kidogo, halafu nikaona kwamba amenipa heshima kubwa kuliko sifa. Nilikwenda. Niliendelea kwenda kila niliposhuka mjini, na ilinichukua mwaka mwingine mzima mpaka koo la mtu likaacha kunitisha.

Fundi alirudi kwenye kazi yake. Moshi na mlima wake si mahali pa kujificha kwa mtu anayealikwa harusini, kwa hiyo nilikutana naye kila mara, kwenye kumbi za mjini na kwenye vihamba. Alikuwa amejifunza kuzima swichi kuu kabla ya kugusa waya. Akiniona tu, alikuwa anachukua kipaza sauti na kuwaambia wageni wote wasimame wanipigie makofi, hata kama bwana harusi yuko katikati ya kukata keki. Nilimwomba aache. Nikamwomba tena.

"Dokta, sitaweza," aliniambia mara moja, tumesimama nyuma ya spika zake, kelele tupu. "Niombe kitu kingine."

Nikamwangalia. Alikuwa amevaa suti nyeusi, tai nyekundu, na chini, mpaka magotini, mabuti meusi ya mpira ya kumwagilia mpunga.

"Hayo nayo vipi?" nilimuuliza.

"Hayo ni ya mama," alisema. "Hanipi ruhusa ya kutoka nyumbani bila hayo."

Akarudi kwenye mitambo yake, akaongeza sauti, na akanitaja.